Mkeka wa Baba na Vinyonga wa Mlimani

Juzi kijana mmoja wa bodaboda, mteja wangu wa chai na chapati, alinisogezea simu yake usoni nikiwa nageuza chapati. "Mama, hebu ona Wazungu wanavyofuga," akaniambia. Nikatazama. Ndani ya sanduku la kioo, chini ya taa ya umeme, alikuwamo kinyonga wa kijani mwenye pembe tatu, ameshika kijiti cha plastiki. Mkono wa mtu ukaingia na kibanio, ukampa panzi. Ulimi ukatoka, panzi akaenda, kijana akacheka. Chapati yangu ikaungua.

Ndugu yangu, nilimtambua yule kinyonga. Sisemi yeye mwenyewe, nasema ukoo wake. Wale ni wenyeji wa juu, wa msitu wa Uluguru, kule baridi inakoanzia. Nilipokuwa mtoto walilala chumbani kwangu, ndani ya vifuko vya nguo vilivyoning'inia juu ya kitanda changu, na nilikuwa nikiwasikia wakikwaruza nguo polepole, kama mtu anayetafuta mlango gizani.

Ukinivumilia nitakueleza. Mimi si mtu wa kalamu, shule niliishia darasa la sita, na sababu yake imo humu humu. Waliotufanyia nitawataja. Nitawataja kwa kazi zao na kwa undugu wao, majina nawaachia wenyewe. Aliye hai anajijua, na aliyekufa anajulikana.

Nyumba yetu ilikuwa Bigwa, pale mji wa Morogoro unapochoka na mlima unapoanza. Udongo mwekundu, bati lililopata kutu, na maji ya mfereji yaliyoshuka kutoka juu yakiwa baridi hata saa ya jua kali. Kiwanja kilikuwa cha ukoo wa mama. Kwa Waluguru, kama hujui, ardhi na watoto hufuata upande wa mama, na msemaji wa yote mawili ni mjomba. Baba alikuwa mtu wa kuja. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora aliyeletwa Morogoro na kazi ya kiwanda, akamwona mama, hakurudi tena kwao. Matofali ya nyumba ile aliyafyatua mwenyewe, kuta alizipandisha mwenyewe, lakini ardhi iliyobeba kuta zile haikuwa yake, na hapo ndipo walipokuja kumshikia.

Kwao Tabora ni watu wa nyuki. Mizinga baba hakuja nayo, lakini alikuja na macho ya kwao. Akitoka kiwandani alipitiliza bustanini kabla hata ya kuvua viatu. Anainama kwenye bamia, anafunua jani, anatazama chini yake. Anahamia kwenye mchicha. Wapita njia walizoea kumtania, "Mzee anasali," naye hujibu bila kuinua kichwa, "Nawaamkia wenye nyumba."

Mimi ndiye niliyekuwa mwenzake, maana mtoto nilikuwa peke yangu. Aliyenifuata alikufa mchanga na hakuja mwingine. Baba alinionyesha majimoto kwenye mlimao, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa nyumba: wamepanga mstari wanavuta jani na jani yakutane, na mmoja anapita katikati amemshika mtoto wao mdomoni, mtoto anatoa uzi kama sindano. Alinionyesha kifaurongo, yule mdudu ukimgusa anajilaza chali amekufa, ukigeuka anaendelea na safari yake. Alinionyesha nyigu wa tope chini ya upenu, anavyofinyanga vyumba, anavyovijaza viwavi waliolegea, anavyotaga na kuziba. "Anawaachia watoto chakula chao," aliniambia, "kisha anakwenda zake. Hatawaona wakila hata siku moja." Nilimwonea huruma nyigu. Leo nadhani baba hakuwa anamsema nyigu peke yake.

Pembeni kabisa ya bustani kulikuwa na tuta moja la mchicha ambalo halikuchumwa wala kutolewa viwavi. Tuta lile liliachwa litobolewe mpaka likawa kama chujio. Baba aliliita tuta la wageni. Mama alinung'unika, alisema watu wananunua mboga sokoni sisi tunalisha viwavi, lakini hakuligusa. Baba alikuwa na msemo wake: nyumba inayokula peke yake haishibi. Kwake msemo ule ulikuwa sheria. Hata akikaa kula, tonge la kwanza alilimega kidogo akaweka pembeni ya mkeka kwa ajili ya sisimizi, ndipo akala.

Nikukumbushe kuhusu mkeka, maana vijana wa leo hawaujui. Wakati ule wanaume hawakula ndani. Magharibi ikishaswaliwa, mkeka ulitandikwa nje, na kila nyumba ya karibu ilileta sahani yake, wanaume wakala pamoja. Sisi wanawake na watoto tulikula uani vivyo hivyo, tumezunguka sinia. Mkeka wa upande wetu ulitandikwa kwetu, kwa sababu uwanja wa baba ulifagiliwa vizuri kuliko mwingine wowote na kwa sababu baba alipenda watu. Alikuja mwalimu wa madrasa, mtu mpole mwenye kikohozi. Alikuja fundi cherehani wa nyumba ya pili. Hapa mama anapeleka ugali na kisamvu cha nazi, kule kunatoka maharage, kwingine dagaa wa kukaanga, wakati wa vuli kunatoka kumbikumbi wenye chumvi ambao fundi cherehani alikuwa akiwavuta upande wake kwa kidole kimoja akidhani haonekani.

Fundi cherehani alikuwa Mluguru, na Mluguru na Mnyamwezi ni watani. Mtani hapewi heshima. Mtani humwamkii shikamoo hata awe na mvi mpaka kwenye nyusi. Ukimwamkia kwa adabu umemwambia kwamba humjui. Mtani anaingia kwako anachukua kuku, na ukifa ndiye anayelala kaburini mwako kabla yako, akikataa kutoka mpaka apewe chochote, watu wacheke huku wanalia. Kwa baba, aliyekuwa hana kaka wala binamu Morogoro nzima, fundi yule ndiye aliyekuwa ndugu.

"Mnyamwezi, umenawa?" ndivyo alivyoanza kila jioni. "Mkono uliotoka kumpapasa vunjajungu ndio unaomega ugali wa Waluguru? Utatuvunjia vyungu vyote hapa."

"Nimenawa kuliko wewe, uliyenawa mara ya mwisho Iddi."

"Babu zako walipita hapa na pembe za ndovu kichwani. Wewe umeshindwa hata mtungi, unabeba viwavi!"

"Na babu zako walikuwa wapi? Huko juu, nyuma ya jiwe, wanachungulia. Mpaka leo mbwa akibweka unapanda mlima."

"Kuleni basi, ugali unapoa," mwalimu wa madrasa aliwaambia, na kikohozi chake kikachanganyika na kicheko. Mimi niliyeleta maji ya kunawa nilisimama pale zaidi ya ilivyopasa, mpaka mama aniite. Kama kuna saa ninayoitamani irudi, ni ile.

Kisha ikaja ruksa, serikali ikafungulia biashara kwa kila mtu. Unaikumbuka, au umeisikia kwa wakubwa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa sabuni za rangi, mafuta ya kopo, nguo za mitumba kutoka kila nchi. Watu walishangilia, na sisi tulishangilia. Kisha kiwanda kikaanza kupunguza watu, kikapunguza tena, siku moja geti likafungwa kwa mnyororo. Baba alirudi na viatu vyake vya kazi mkononi. Kabla hajaingia ndani akaenda bustanini, akamgusa kifaurongo kwa ncha ya kidole, akamtazama anavyojifanya maiti. "Huyu ana akili," akasema. "Anajua kwamba haidumu." Mama alianza kukaanga maandazi. Jioni mkeka ukatandikwa kama kawaida, na fundi cherehani akasema Mnyamwezi sasa amekuwa chifu wa panzi moja kwa moja, hana tena udhuru wa zamu. Baba alicheka mpaka akafuta machozi. Walikuwa wakimtunza, sikatai. Wakati ule walikuwa wakimtunza.

Mtu wa kwanza nitakayemtaja ni mjomba. Alikuja asubuhi moja ndani ya pikapu ya watu, na pembeni yake amekaa mtu wa Dar mwenye kofia na karatasi zenye mihuri. Huyo mtu wa Dar ndiye wa pili. Sisi tulimwita mnunuzi, na mpaka leo sijui alikotokea wala alikokwenda.

"Shemeji," mjomba alimwambia baba, "mgeni huyu anatafuta mtu asiyeogopa."

"Asiyeogopa nini?"

"Wanyama wako hao."

"Mimi sina mnyama. Hata mbuzi sina."

Mnunuzi akacheka. Akaeleza kwamba siku hizi ruksa, kila kitu ni biashara, na huko Ulaya wapo watu wanafuga vinyonga majumbani kama sisi tunavyofuga paka. Anataka wenye pembe, wale wa juu. Anataka na majongoo makubwa na mbawakawa. Vijana wa kuwashusha watapatikana, shida ni mtu wa kuwapokea, kuwashika, kuwanywesha na kuwatunza mpaka gari lije. Na kila aliyemuuliza amemkimbia.

Usimcheke aliyekimbia. Kinyonga kwetu si mdudu wa kushikwa. Wazee walisema ndiye aliyepewa ujumbe wa uzima akatembea polepole mpaka mauti yakamtangulia. Mwanamke mjamzito akimwona hugeuka. Mtoto akimgusa huogeshwa.

Baba alitikisa kichwa. "Si wangu niwauze."

"Na bustani?" mjomba aliuliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza habari za afya. "Bustani ni yako?"

Nakumbuka mama alikuwa amechuchumaa jikoni. Akapuliza moto uliokuwa tayari unawaka.

Jioni ile baba hakumega tonge la sisimizi, alisahau. Alimwambia mama uani, mimi nikisikia: "Wakipelekwa kwa mwingine watafungwa kwenye magunia, wafike wameoza. Kwangu watakwenda wazima." Hilo ndilo kosa lake, kama utaliita kosa. Alidhani kwa kuwa watu wamekula naye miaka yote, wanajua mikono yake.

Vinyonga wakaanza kushuka. Na nani aliwashusha? Sikiliza vizuri. Walishushwa na vijana wa madrasa, wanafunzi wa mwalimu yule yule mpole, na vijana wa kila nyumba iliyokuwa ikileta sahani kwetu. Walipanda mlimani na fito zenye panda mbele, kinyonga akapandishwa kwenye ufito bila kuguswa, akaletwa ameshikilia kijiti mpaka ua wetu. Pale kijana aligeuza uso, akautingisha ufito juu ya uzio, na baba ndiye aliyempokea kwa mkono mtupu. Kijana akapewa chake, akaenda. Ujira ulilala kwao na kinyonga akalala kwetu.

Na vifuko? Vifuko alivishona fundi cherehani. Mtani wa baba alikaa na cherehani yake barazani akashona vifuko vidogo vya shuka za mitumba, vyenye kamba ya kukazia mdomo, rundo kwa rundo, na mnunuzi akamlipa. Nilitumwa mimi kuvichukua. Siku ya kwanza alinipa mkononi huku akinitania. Siku nyingine aliviweka chini kwenye kizingiti, akanionyesha kwa kidole cha mguu.

Nyumba ikajaa. Vifuko vilining'inia kwenye kenchi za chumba changu na za sebuleni. Asubuhi baba alivifungua kimoja kimoja, anawanyunyizia maji kwa majani ya mchaichai, anawashikia panzi niliowakamata. Alizungumza nao kwa Kinyamwezi, lugha ambayo sisi wawili, mama na mimi, hatukuijua. Ulimi wa kinyonga ulipotoka, uso wa baba ulitulia. Halafu ananawa. Ananawa kwa majivu, kisha sabuni, kisha majivu tena, na anahakikisha yuko mahali anapoonekana kutoka barabarani.

Jioni fundi cherehani alikuja, lakini alikalia ukingo wa mkeka na akala kutoka sahani yake tu. Jioni nyingine alisema anaumwa tumbo. Kilichonitisha ni kwamba hakumuuliza baba kama amenawa. Alimwambia, "Habari za jioni, mzee." Mzee! Ndugu yangu, siku mtani wako akikupa heshima, kusanya vyombo vyako, umekwisha.

Kisha mtoto wa mwalimu wa madrasa akashikwa na degedege. Ilikuwa msimu wa mbu, na watoto watatu wa mtaa ule walishashikwa mwaka huo kabla kinyonga yeyote hajashuka, lakini nani anakumbuka? Walisema ni vinyonga wa Mnyamwezi. Walisema usiku wanatoka kwenye vifuko na kuzunguka. Mtoto alipelekwa hospitali, akachomwa sindano, akapona, akacheza mpira. Maneno hayakupona. Mwalimu hakuyasema kwa kinywa chake, hilo namwachia, lakini aliyasikia yakisemwa barazani kwake na akakohoa tu. Naye namtaja.

Mkeka ukahama. Haukutangazwa. Jioni moja tulisikia tu vicheko vinatoka kwa fundi cherehani, na sauti ya birika na sahani, na baba amekaa uwanjani kwetu mbele ya ugali ambao mama aliupika kwa kipimo cha siku zote. Uani nako sinia lilikuwa la mama na mimi. Shuleni hakuna aliyetaka kukaa na mimi dawati moja. Mwalimu wa darasa aliniweka nyuma, kisha karibu na mlango, kisha mimi mwenyewe nikamaliza ule mwendo nikatoka nje. Mjomba alisema haina haja, msichana ni jiko. Hakuna aliyenifuata kuniuliza.

Baba aliendelea kutandika mkeka. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Kila magharibi anautandika, anauelekeza vizuri, anakaa, na kila apitaye anamwambia, "Karibu chakula!" Na watu, kwa adabu zetu nzuri, walijibu: "Ahsante, nimeshiba." Watu ambao nilijua hawajala tangu asubuhi. Mama alisema, "Kula, mume wangu, kinapoa," naye alijibu, "Ngoja kidogo, pengine wamechelewa." Ugali ukaota ngozi. Sisimizi ndio waliokuja, wao hawakuwahi kuacha.

Baadaye mnunuzi naye akaacha kuja. Tulingoja gari wiki nzima, hakuna. Mjomba alisema ana habari kwamba amepata njia nyingine, upande wa Mgeta, na akaondoka akikwepa macho ya dada yake. Vifuko vikabaki juu ya vichwa vyetu. Vinyonga wakaanza kuwa weusi, wakakonda, wengine tukawakuta wameshika kamba ya kifuko kwa mikono yote miwili na hawana uhai.

Asubuhi moja baba akavifunga vifuko vilivyobaki kwenye mti mrefu wa kubebea, mwisho mmoja akaweka begani kwake, mwisho mwingine begani kwangu. Tukapita mtaani saa ya watu kufagia. Nyumba hadi nyumba fagio zilinyamaza, mwanamke akaita watoto ndani, mlango ukafungwa, mwingine ukafungwa. Mimi nilitazama visigino vya baba. Tulipanda njia ya ngazi za udongo, tukapita migomba, tukapita mashamba ya njegere, mpaka miti ikawa na ndevu za kijani na pumzi ikaonekana. Pale akaushusha mti. Tukafungua vifuko kimoja kimoja. Wengine walikataa kumwachia kidole chake, ikabidi awabembeleze mguu baada ya mguu wapande kwenye jani. Yule wa mwisho alisimama kwenye kijiti anayumba mbele na nyuma, mbele na nyuma, jicho moja linatutazama sisi na jingine linatazama msitu.

"Kumbe hajui kama anakwenda au anabaki," nilisema.

"Anajua," baba akajibu. "Anaogopa tu kuonekana."

Tulikula viazi vya kuchemsha pale pale, mimi na yeye, kwenye ukungu. Alimega kipande akakiweka juu ya jiwe. Sijawahi kula chakula kitamu vile.

Tuliporudi, tayari ilishasemwa kwamba Mnyamwezi amekwenda kuwatuma.

Hakuishi sana baada ya hapo. Kifua chake kilikuwa na vumbi la kiwandani la miaka mingi, na sikatai kwamba vumbi ndilo lililomuua. Lakini mtu mwenye kifua kibovu anaweza kuishi kwa kucheka jioni hadi jioni, nimewaona. Alifariki mchana, mkeka umekunjwa ukutani. Mazishi yalikuwa na watu, Mwislamu hawezi kukosa wa kumzika. Mwalimu wa madrasa alisoma, mjomba alisimamia. Mimi sikuruhusiwa kwenda makaburini, nilikaa uani na wanawake, nikatega sikio. Nilikuwa nangoja zile kelele za mtani, kwamba sasa fundi cherehani ameingia kaburini amelala chali anadai jogoo, sasa anainama kama baba na kufunua jani la bamia, anaigiza anavyotembea, watu wanacheka huku wanalia. Barabara haikuleta kitu. Walikwenda kimya, wakarudi kimya, wakanawa mikono. Fundi alikuwapo, niliambiwa. Alitupia mchanga kama mtu mwingine yeyote.

Mama alimfuata baba miaka michache baadaye. Mjomba alikiuza kiwanja, mimi nikashuka mjini kuosha vyombo vya watu, na toka kuosha vyombo nikafika kupika, na hapo ndipo nilipo. Kila siku watu wengi wanakula mkononi mwangu. Wanalipa, wanafuta mdomo, wanaondoka. Mimi hula wakishaondoka.

Mwaka jana mjomba alikufa, nikaitwa Bigwa kupika matanga, maana kwa hilo wananikumbuka. Nilipita palipokuwa kwetu. Kuna ukuta mrefu wenye vigae vya chupa juu na geti la chuma. Nilichungulia: majani ya kukatwa, mafupi kama kichwa cha askari, na mlinzi mwenye bomba la dawa mgongoni anapuliza. Hakukuwa na mlimao. Hakukuwa na mdudu hata mmoja juu ya lile geti lenye joto. Na mtaa mzima, ndugu yangu, nilipita magharibi, saa ile ile, na hakuna mkeka nje hata mmoja. Kila nyumba ina ukuta wake, nyuma ya kila ukuta unasikia televisheni. Wote wanakula ndani. Walichotufanyia sisi kama adhabu, sasa wanajifanyia wenyewe na wanakiita maendeleo.

Msibani niligawa chakula mwenyewe. Kwenye kona ya turubai alikaa mzee mmoja, macho yameingia ukungu mweupe, mikono imekauka, vidole vya kulia vimepinda kwa ndani kama bado vinashika kitambaa. Nilimjua kabla sijafika. Nikamwekea sahani, nikamshika mkono nikauelekeza kwenye wali. Akala. Alikula kama mtu ambaye kwake hakuna anayemwekea. Kisha akamuuliza kijana aliyekaa naye, "Huyu aliyenipa ni mtoto wa nani? Wali huu si wa wanawake wa huku."

Kijana hakujua. Nimezaliwa ukoo wa mama, nimekuzwa ukoo wa mama, na katika watu wote waliojaa pale hakuna hata mmoja aliyeniita kwa upande wa baba. Nikasema mwenyewe: "Mimi ni mtoto wa yule wa vinyonga."

Mkono wake ukasimama juu ya sahani. Nikangoja auondoe. Badala yake uso wake ukafunguka, meno mawili yakaonekana, na akapaza sauti watu wote wa turubai wasikie: "Mnyamwezi! Nilijua! Ndiyo maana wali una mabawa! Umenawa, wewe?"

Watu wakacheka. Akageuza sikio upande wangu, kichwa kimeinama kidogo, anangoja. Zamu ilikuwa yangu. Majibu nilikuwa nayo, nilikuwa na majibu ya jioni mia, yote ya baba, hayajatumika. Lilikuwa neno moja tu, na mimi na yule mzee tungekuwa ndugu, na labda ndiye mtu wa mwisho duniani anayeweza kuniita kwa kabila la baba yangu.

Nikapiga magoti kwenye vumbi, kama binti aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, babu," nikamwambia.

Kicheko kikakatika. Mzee alibaki amegeuza sikio kitambo, kama mtu aliyeitwa kwa mbali. Kisha meno yakafunikwa.

"Marahaba," akasema, na akaanza kuutafuta wali kwa vidole vyake.

Nikachukua ndoo yangu nikaenda kwa mtu mwingine.